"Off the Wall" haistahili nafasi ya tatu

Mwandishi wa makala, kuiweka "Off the Wall" ya Michael Jackson chini ya "Bad" sikubaliani nawe hata kidogo. Juzi nimezisikiliza zote mbili pamoja na "Thriller", nyumbani, kwa spika zile zile. Zote tatu zilitayarishwa na Quincy Jones, kwa hiyo tofauti zake zinasikika waziwazi. Katika "Off the Wall" ya 1979 gitaa la besi la Louis Johnson linatembea, tarumbeta zinajibizana nalo, utadhani bendi nzima imo sebuleni. Katika "Thriller" ya 1982, kwenye "Billie Jean", dramu za Ndugu Chancler zinatangulia peke yake, kavu, bila pambo lolote. "Bad" ya 1987 imetawaliwa na sinthesaiza; Michael kaandika nyimbo nyingi zaidi humo na kalamu yake imekomaa, lakini ule uhai wa bendi umepungua.

Wasomaji wenzangu, mkitaka kulinganisha, sawazisheni sauti kwanza. Matoleo mapya ya albamu za zamani mara nyingi hupandishwa sauti, na sikio hudhani chenye kishindo ndicho bora. Kisha sikilizeni kila albamu mwanzo hadi mwisho, ndipo mpange nafasi.