Tairi la lori na roho ya utingo

Leo naomba tuongelee pancha. Najua wengi mnaopita hapa mna vigari vidogo, au mnajibana kwenye daladala na mwendokasi, kwa hiyo pancha kwenu ni kero ya dakika 20 kwa fundi wa kona: unanunua soda, unasubiri, unaondoka. Mimi naongelea pancha ya lori. Semitrela lenye tani 30 mgongoni, limesimama pembeni ya lami saa nane usiku, na kijana wa miaka 19 yuko chini ya ekseli anapapasa mahali pa kuweka jeki.

Huyo kijana ndiye utingo. Hoja yangu ni moja: kubadilisha tairi la lori ni kazi ya hatari, tumemwachia mtu anayelipwa kidogo kuliko wote kwenye gari, tumemnyima vifaa, halafu akifa tunasema siku yake ilikuwa imefika. Haikuwa imefika. Ililetwa.

Niko huku Kilosa siku kadhaa sasa kwa kazi za gazeti. Kwa wasiopajua, ukitoka Dar ukapita Morogoro unaingia Hifadhi ya Mikumi, barabara inaikata kwa kama kilomita 50 hivi, kisha unatokea Mikumi mjini. Hapo barabara kuu inaendelea Iringa, Mbeya mpaka Tunduma na Zambia. Nyingine inashuka kusini kwenda Kidodi, Kidatu na Ifakara. Katikati ya hizo mbili ndiko iliko milima ya Vidunda, kwao Wavidunda. (Ndiyo, ni jimbo lile lile la Profesa Jay, aliyekuwa mbunge wa Mikumi kati ya 2015 na 2020. Tuendelee.)

Njia hii ni ya malori tangu zamani. Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia Novemba 1965, Zambia ikakwama kupata mafuta, na mapipa yakaanza kupita huku kwa malori, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Wazungu waliokuwa wakiendesha enzi zile waliipa jina la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu ni kama mbio za jehanamu. Leo ni lami. Lakini kaa Mikumi jioni moja tu kwenye kibanda cha chipsi uhesabu malori yanayopita, halafu jiulize kila moja lina tairi ngapi. Kichwa na tela vya ekseli sita vinaweza kuwa na tairi 22. Pancha hapa si ajali, ni ratiba.

Juzi nilikuwa kwenye bodaboda barabara ya Kidatu, milima ya Vidunda iko upande wa magharibi, jua la saa saba. Tukakuta lori la mpunga limesimama, nusu kwenye lami nusu kwenye majani. Tairi la ndani la nyuma, katika yale yanayokaa mawili mawili, limepasuka. Dogo yuko chini. Jeki imewekwa juu ya jiwe, jiwe liko juu ya udongo. Tairi za mbele hazina kizuizi chochote. Nikamsalimia dereva, mtu mzima wa miaka kama 50.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Mzee, hamna hata gogo la kukinga lisije likashuka?"

Akacheka. "Gari la tajiri, jeki nimeazima. Sasa na gogo nalo niazime?"

Hata hajamaliza, jiwe likalia, jeki ikainama. Dogo akachomoka chini kama mjusi, akasimama, akajipangusa suruali, akatafuta jiwe jingine. Akarudi chini. Hakuna aliyesema kitu. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka.

Sasa hebu tuseme kitu ambacho kila fundi mzuri anakijua. Jeki inainua, haibebi. Kazi yake ni kupandisha ekseli mpaka tairi liachane na ardhi. Ikishapanda, mzigo ukae juu ya kitu kisichokuwa na mafuta ndani: stendi ya chuma, au magogo makavu yaliyopangwa msalaba. Jeki ya mafuta ina mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, na mpira ule ukichoka hautoi taarifa. Chini ya jeki kunawekwa ubao mpana na mnene, kwa sababu udongo unadidimia na hata lami yenyewe ikipigwa na jua la Mikumi inalegea. Kabla ya yote hayo, gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, injini imezimwa, na vigingi viwekwe mbele na nyuma ya tairi ambazo haziinuliwi. Nati zinalegezwa kidogo tairi likiwa bado chini, siyo likiwa hewani, kwa sababu mtu anayening'inia kwenye wili spana anatikisa lori zima.

Vitu vyote hivyo jumla yake ni mbao na vyuma. Hakuna teknolojia ya Ujerumani hapo.

Hilo la jeki angalau linaonekana kwa macho. Upepo hauonekani. Gari lako dogo linajazwa upepo wa psi 30 na kidogo. Tairi la lori zito linajazwa psi 100 mpaka 120, na lina ujazo mkubwa mara nyingi zaidi. Likipasuka karibu na mtu halimjeruhi tu, linamrusha. Yale malori ya zamani, ambayo huku bado tunayo, yana rimu za vipande: kuna ringi ya chuma inayobana tairi lisitoke. Ringi ile ikiwa na kutu au haikukaa vizuri, upepo ukiingia inaruka kama sahani ya chuma, na fundi kwa kawaida ameinama juu yake anasikiliza kama inavuja.

Wamarekani walizika watu kwa jambo hili mpaka mwaka 1980 mamlaka yao ya usalama kazini ikatoa kanuni za rimu hizo, na mwaka 1984 wakaongeza rimu za kipande kimoja. Kanuni zenyewe ukizisoma ni akili ya kawaida. Tairi lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa kujazia uwe mrefu na ujishike wenyewe kwenye valvu, ili mtu asimame pembeni na siyo mbele. Na kuna moja ambayo kila dereva wa masafa anatakiwa kuijua: tairi lililotembea na upepo wa asilimia 80 au chini ya hapo ya upepo linaotakiwa kuwa nao, litolewe upepo wote, kwa kuchomoa pini ya valvu, kabla halijafunguliwa kwenye ekseli.

Kwa nini? Kwa sababu tairi lililotembea bila upepo wa kutosha linakuwa limekunjwa kunjwa mpaka nyaya za chuma ndani ya ubavu wake zimekatika moja moja. Kwa nje ni zima kabisa. Unaziba pancha, unalijaza, linafika psi 80 au 90, na ubavu unafunguka kama zipu. Huku mtaani mnaita "tairi limekataa".

Na zile tairi za mbili mbili zina mtego wake. Moja ikipata pancha nyingine inabeba mzigo wa mbili, kwa hiyo dereva anasema twende tu mpaka Mikumi. Iliyobaki inachemka, ile mbovu inasuguana nayo. Mkija kusimama mnafungua nati, na hamjui rimu ya ndani imepasuka au la. Nati ndizo zilizokuwa zimeishikilia. Toeni upepo wa zote mbili kwanza. Ni dakika chache na kelele za upepo, basi.

Najua mtasema dereva hana muda. Na kweli hana, maana tajiri anapiga simu kila nusu saa anauliza umefika wapi. Lakini muda wa kutoa upepo ni mdogo kuliko muda wa kusubiri polisi.

Halafu kuna majani. Kila Mtanzania anajua ukikuta matawi ya miti barabarani, mbele kuna gari bovu. Ni alama yetu ya taifa isiyoandikwa popote. Mchana si mbaya. Usiku ni utani. Lori linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Matawi yaliyowekwa hatua kumi nyuma ya tela yanampa dereva chini ya nusu sekunde, na lenyewe jani haliakisi taa. Pembetatu za kuakisi mwanga zipo kwenye magari mengi, kwa sababu askari anaziulizia. Zinakaa chini ya kiti, safi, zinasubiri askari. Zikitolewa zinawekwa karibu na gari ili zisiibiwe! Zinatakiwa ziwe mita 50, 100 au zaidi nyuma, na kama kuna kona au kilima basi kabla ya kona, siyo baada yake.

Januari 2025 kule Segera, Handeni mkoani Tanga, watu walikusanyika usiku kwenye eneo la ajali kusaidia majeruhi. Lori likawaingia. Walikufa 11. Hawakuwa wakibadilisha tairi, lakini walikuwa pale pale anaposimama utingo: pembeni ya lami, gizani, mgongo wameupa magari.

Kuna tabia moja inaniudhi kuliko zote. Lori likitengemaa linaondoka, yale mawe ya kukingia yanabaki barabarani. Mwenye pikipiki anakuja saa mbili usiku na abiria. Malizia mwenyewe.

Ndani ya hifadhi ndiyo usiseme. Pale tembo na nyati wanakatiza lami kama wapo kwao, maana wapo kwao, na simba wapo. Si mahali pa kulala chali na tochi mdomoni. Ukaguzi wa tairi ufanyike kabla ya kuingia, kwa geji, siyo kwa kupiga tairi rungu na kusikiliza mlio. Geji ni kifaa kidogo kinachoingia mfukoni. Niliwauliza madereva sita pale Mikumi, mmoja tu ndiye alikuwa nayo, na aliinunua kwa hela yake.

Hapo ndipo ninapogombana na wenye mali. Tairi moja jipya la lori ni mamia ya maelfu ya shilingi, na tajiri analinunua kwa sababu bila hilo lori halitembei. Magogo manne, ubao, stendi mbili na geji hainunui, kwa sababu bila hivyo lori linatembea vile vile. Anayelipa tofauti ni utingo, mara nyingi kijana asiye na mkataba, anayelipwa kwa safari, asiyekuwepo kwenye karatasi yoyote ya mshahara. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Mahali pa kazi pa dogo yule ni udongo wa pembeni mwa barabara ya Kidatu, na mama yake akitakiwa kuthibitisha kwamba mwanae alikuwa mwajiriwa wa fulani, ataanzia wapi?

Kwa hiyo napendekeza hivi, na mwenye hoja nyingine aje nayo. LATRA wanapotoa leseni ya lori, na trafiki wanapolisimamisha, waulize vigingi, stendi na geji kwa ukali ule ule wanaouliza pembetatu na kizimamoto. Na jina la utingo liandikwe kwenye makaratasi ya safari, pamoja na la dereva na la mzigo. Mzigo wenyewe una bima, una hati, una muhuri.

Dereva wa lori la mpunga nilimwachia namba yangu ya simu. Kabla sijaondoka nilimuuliza baada ya kufunga tairi jipya atakaza tena nati wapi, maana zinatakiwa kurudiwa baada ya kilomita 50 mpaka 100, zinalegea zikishapata mzigo. Alijua jibu vizuri kabisa. Utingo ndiye aliyekuwa hajawahi kuambiwa, na ndiye mwenye spana.