UCHANGANUZI: Kunakili diski ya harusi si uharamia

KATIKA miaka ya 2000, familia nyingi za Endebess, chini ya Mlima Elgon, kama kwingineko nchini, zilihifadhi harusi na mazishi kwenye diski za VCD na DVD. Diski za kuchomwa huweka picha katika tabaka la rangi linalofifia kwa joto na mwanga. Mashine za kuzichezesha nazo zimekuwa adimu. Sauti za wazee waliokwisha kufariki zimo hatarini.

Dawa ipo. Kompyuta yenye mfumo wa Linux, ambao hautozwi ada, huandikiwa mistari michache ya amri: isome diski, iigeuze kuwa faili ya MP4 inayoenea kwenye simu, kisha iitoe na kungoja nyingine.

Kinachowatia wengi hofu ni sheria. Ni kweli kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakataza kuvunja kufuli za kielektroniki, zilizo katika filamu nyingi za kampuni kubwa. Kwa kawaida diski ya mpiga picha wa mtaani haina kufuli. Isitoshe, sheria hiyo hiyo humpa hakimiliki aliyeagiza kazi na kuilipia, isipokuwa pande hizo mbili zimeafikiana vingine.

Hivyo, anayechoma na kuuza filamu za watu ni mharamia. Anayeokoa harusi ya wazazi wake analinda mali yake. Adui wake si mahakama, bali ni muda.