Tumlinde Fundi Anayepanda Darini

Mji wa Tunduma ni lango la nchi yetu upande wa kusini-magharibi. Barabara kuu iendayo Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huvuka mpaka hapo hapo. Tangu mwaka 2016 mji huo umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya. Penye mkusanyiko mkubwa wa watu na bidhaa, maradhi nayo hutafuta njia. Mei 2020, korona ilipozidi upande wa Nakonde, Zambia iliufunga mpaka kwa muda na malori yakakwama. Mahali pa namna hiyo hapawezi kukaa bila maabara, na maabara haiwezi kukaa bila mitambo ya kuvuta na kuchuja hewa.

Tunapozungumza juu ya usalama wa maabara, mawazo yetu humwendea daktari na mtaalamu aliyevaa koti jeupe. Ni haki yao. Lakini yuko mfanyakazi mwingine ambaye jina lake halimo katika hotuba wala katika orodha ya chanjo. Huyo ni fundi anayeitwa feni inapokwama, anayepanda darini na juu ya paa kufungua mifereji ya hewa na kubadilisha machujio. Leo tunamsemea yeye.

Yafaa kwanza ieleweke kazi yenyewe. Kabati la usalama huvuta hewa isimfikie mpimaji, kisha huipitisha katika chujio lenye uwezo wa kunasa zaidi ya asilimia 99.9 ya chembe ndogo kabisa. Je, vimelea hivyo hupotea? La. Vimebaki ndani ya chujio. Kadiri chujio linavyofanya kazi yake vizuri, ndivyo linavyokuwa hatari kwa mkono utakaolitoa. Vivyo hivyo katika maabara za kemia na za kupima madini, ambako mvuke wa asidi na vumbi la risasi huganda ndani ya mifereji. Kinga ya mmoja imegeuka kuwa hatari ya mwenzake.

Historia imekwisha kutuonya. Aprili 1979, katika mji wa Sverdlovsk, Urusi ya Kisovieti, vimelea vya kimeta vilivuja kutoka kiwanda cha kijeshi vikaua watu zaidi ya 60. Ken Alibek, aliyewahi kuwa kiongozi katika mpango huo wa silaha, alieleza baadaye kwamba chujio lililoziba lilikuwa limeondolewa, habari hiyo haikuandikwa katika kitabu cha zamu, na zamu iliyofuata ikawasha mitambo. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Oktoba 1977, mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali, aliyepanda gari pamoja na wagonjwa ili kuwaonyesha njia. Maradhi hayaulizi cheo cha mtu.

Hatukosi sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015. Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2005. Upungufu uko katika utekelezaji, hasa pale fundi anapokuwa kibarua wa mkandarasi. Maabara husema si mfanyakazi wake. Mkandarasi husema hakuelezwa kilichomo ndani ya mfereji. Kati ya kauli hizo mbili, fundi hupanda ngazi na kitambaa usoni.

Wapo watakaosema kuwa fedha hazitoshi. Tunakubali kuwa mitambo na barakoa bora hugharimu. Lakini mengi tunayoyadai hayahitaji bajeti mpya. Kwanza, pasiwe na fundi atakayegusa mtambo kabla mkuu wa maabara hajatia sahihi hati inayotaja vimelea au kemikali zilizotumika, na kuthibitisha kuwa mtambo umetakaswa. Pili, swichi kuu ifungwe kwa kufuli na ufunguo akae nao fundi mwenyewe, na kazi ya maabara isimame mpaka mtambo upimwe upya. Tatu, kila matengenezo yaandikwe katika kitabu. Nne, fundi apimwe afya yake na apewe chanjo ya homa ya ini kama wenzake wa maabara, na mkataba wa zabuni useme wazi nani atabeba gharama.

Mwananchi wa Visiwani atauliza: Tunduma inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Pemba tuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, na Unguja zipo maabara za hospitali na za skuli. Hewa ya bahari hula chuma. Feni na mifereji yetu huchakaa upesi kuliko ya bara, na fundi wetu huitwa mara nyingi zaidi. Onyo la mpakani ni onyo la bandarini pia.

Tunawaomba viongozi wa mikoa, makatibu wakuu na wakaguzi wa kazi waanze na swali moja kila waingiapo maabara: nani hutengeneza mtambo huu, na analindwa na nini? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitufundisha kuwa kiongozi asimdharau mfanyakazi. Kumpandisha mtu darini bila kumwambia kinachomngoja huko ni dharau iliyo mbaya kuliko matusi. Roho ya mtu ni amana, na mwenye amana ataulizwa.