Jino Lisilokuwapo
Starta ikizungusha injini nayo isiwake, tusikimbilie kununua pampu mpya. Kando ya krankishafti mna sensa ndogo. Katika magari mengi ni sumaku iliyozungushiwa waya. Mbele yake huzunguka gurudumu la chuma lenye nafasi za meno 60, na 2 zimeachwa tupu kwa makusudi. Kila jino lipitapo huzusha umeme kidogo, kwa kanuni aliyoionyesha Faraday mwaka 1831. Penye pengo ndipo kompyuta ijuapo pistoni zi wapi. (Ajabu, kuongozwa na kisichokuwapo!) Waya huo ukichakaa, gari huzimika likipata moto, likipoa likawaka tena. Basi fundi na aipime sensa kwanza, kabla fedha za nyumbani hazijatoka.