Wimbo Mnaimba, Ngoma Iko Stoo London

Juzi niliweka klipu fupi kuhusu ngadji, na jamaa mmoja akaandika hapo chini: "Buda, si ni ngoma tu? Chongeni nyingine." Akapata laiki kunishinda mimi mwenye klipu. Nimekaa na hiyo komenti siku tatu, kwa hivyo leo mtanivumilia.

Kama umesoma Kenya, umesimama paredi ukaimba Wimbo wa Taifa mpaka ukauchoka. Ile tuni imetoka kwetu Tana River. Ni wimbo wa mama wa Kipokomo akimbembeleza mtoto, na aliyeutoa ni Mzee Meza Morowa Galana. Kwetu ni Chara, huko deltani, na nikiwa mdogo sikujua kuna mtu anaona hilo ni jambo la ajabu. Wimbo wetu mliupokea bila maswali. Nikitaja ngoma ya watu hao hao, ghafla ni "ngoma tu".

Ngadji haikuwa ya kuchezewa harusini. Wazee ndio walioitunza, na ndani yake ilikaa heshima na mamlaka ya Wapokomo. Mwaka 1902 hivi, maofisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua. Mwaka 1908 ikaingia British Museum, na huko ikawekwa stoo. Si kwenye kioo ambapo watalii wanapiga selfi. Stoo! Zaidi ya miaka 100. Mwaka 2016 mzee wetu Baiba Dhidha Mjidho alisafiri mpaka London, akaonyeshwa. Hebu jiweke hapo. Unaonyeshwa mali ya ukoo wako, unaitazama, halafu unaaga vizuri na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa watetezi wao, na wengine ni vijana wa hapa hapa Nairobi, wanasema eti sheria haiwaruhusu kurudisha. Sawa, tuiangalie hiyo sheria. Ni ya mwaka 1963. Mwaka ule ule tuliopata uhuru na kuanza kuimba tuni ya Mpokomo kama taifa, bunge lao lilipitisha sheria ya kuwabana wadhamini wa British Museum wasitoe vitu vyao, isipokuwa kwa sababu chache sana. Sheria si mvua lakini, haijashuka kutoka mbinguni. Mwaka 2009 bunge hilo hilo lilipitisha nyingine, ili vitu vilivyoporwa wakati wa Wanazi viweze kurudishwa kwa wenyewe. Na walifanya vizuri. Kumbe wakitaka, wanaweza.

Kisha kuna hii ujanja mpya ya mkopo. Mwaka 2024 vitu 32 vya Waasante, vingi vikiwa vya dhahabu, vilipelekwa Ghana kutoka British Museum na V&A. Kwa mkopo wa miaka 3. Mtu amechukua mtumbwi wako, sasa anakuazima uvukie mto, na tarehe ya kurudisha amekuandikia. Siku wakituletea ngadji kwa masharti hayo, mimi sitapiga makofi.

"Lakini kule iko salama." Wapi? Mwaka 2023 makumbusho hayo hayo yalikiri kwamba vitu kama 2,000 vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa. Na usiniambie habari ya mafuriko. Najua mafuriko, maji ya Tana yameshaingia nyumbani kwetu tukalala juu ya meza. Lakini wazee waliitunza ngadji kando ya mto huo huo, na Waingereza walipofika waliikuta nzima.

Ugumu unaonisumbua mimi uko kwetu, si London. Kuna watu wangu wa karibu kabisa, wa kanisani na wa msikitini, wanaosema hayo ni mambo ya mizimu, yabaki huko huko. Shangazi yangu mmoja hataki hata nilitaje hilo jina mezani. Sibishani naye, nampenda na anapika samaki vizuri sana. Ila shangazi, hata tukikubaliana kuifungia ndani isipigwe tena, hata tukiamua ioze chini ya mwembe, uamuzi huo ni wetu. Kwa sasa anayetuamulia ni mtu mwenye funguo za stoo ya London.

Kwa hivyo, buda wa komenti, jibu lako ni hili: kuchonga tunajua. Mti upo na mafundi wapo. Kitu hakipo ni ile iliyochukuliwa, na wazee wanaojua ilivyotumika wanapungua kila mwaka. Desemba naenda Chara na simu yangu na power bank mbili, kukaa nao na kurekodi. Kama kwenu ni Ngao, Golbanti, Kipini au Ozi, na una mzee nyumbani anayejua chochote kuhusu ngadji, niandikie inboksi. Kama hataki kurekodiwa, tutamsikiliza tu.