Beseni, Zamu na Toba

Katika Yohana 13, Yesu anavua vazi lake la nje, anajifunga kitambaa kiunoni, anamimina maji katika beseni na kuwaosha wanafunzi wake miguu. Wakati ule ilikuwa kazi ya watumwa, na Petro aliikataa hadi alipoonywa. Mahubiri mengi hukimbilia upole wa moyo wa Bwana, beseni likasahaulika. Hapo ndipo unyenyekevu unapoteleza, kwa kuwa ukiachwa uwe hisia tu hauna wa kuupima, na mwenye majivuno makubwa kuliko wote anaweza kuamini kwamba anao tele.

Wakristo waliolishughulikia jambo hili kwa makini waliliwekea utaratibu. Benedikto wa Nursia, katika Kanuni aliyowaandikia wamonaki karne ya 6, aliutengea unyenyekevu sura nzima, ya 7, akaipanga kama ngazi ya hatua 12. Sura hiyo ndiyo maarufu. Hata hivyo sura ya 35, inayohusu jikoni, pengine inafundisha zaidi. Ndugu wote wanapokezana kuhudumu kwa zamu ya wiki, na asiyeingia zamu ni mgonjwa au mwenye shughuli kubwa isiyoachika. Jumamosi anayetoka anafanya usafi na kufua taulo, kisha yeye na anayeingia wanawaosha miguu wenzao wote. Vyombo vinakabidhiwa vikiwa safi na vizima. Hakuna anayeulizwa kama anajisikia mnyenyekevu, anaulizwa sufuria. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoandamana na Wabenedikto hadi kusini mwa Tanzania ya leo, Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulishika njia nyingine. Mkristo wa Uganda, Simeoni Nsibambi, na daktari mmishenari Joe Church walikutana Kampala mwaka 1929, na katika miaka ya 1930 moto uliwaka kuanzia Gahini, Rwanda, na Uganda hadi Kenya na Tanganyika. Ndani ya vikundi vya ndugu, mtu alitubu mbele ya wenzake kwa kulitaja kosa lenyewe. Kusema tu kwamba binadamu ni mkosefu hakukutosha. Aliyeiba alisema ameiba nini na kwa nani, akakirudisha. Baadhi ya wamishenari Wazungu nao walisimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi cha rangi yao. Katika ukoloni, ambamo hata viti vya kukalia vilikuwa na ngazi zake, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka 1942 uamsho huo ulifika Shirati, Mara, kwa Wamennonite, ambao kuoshana miguu kulikuwa tayari sehemu ya ibada yao.

Utaratibu wowote unaweza kuoza. Toba ya hadharani ilipogeuzwa kipimo cha nani ameokoka kweli, aliyetubu kwa machozi mengi alipata cheo kisichoandikwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa uamsho walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kwa mvutano na uongozi. Wakubwa waliona kiburi cha kiroho; wanafunzi waliona kanisa lililopoa. Huenda wote waliona sawasawa. Kuosha miguu nako kunaweza kubaki tukio la Alhamisi Kuu lenye wapiga picha, huku dereva wa aliyeosha akishinda juani bila chai.

Maisha ya kila siku yana mabeseni yake, na mengi hayapo kanisani. Baba amemkaripia mtoto bure. Atamwomba radhi, au ataona heshima yake itashuka? Dada wa kazi anapika, anaandaa, kisha anakula peke yake jikoni chakula kilichobaki. Mkuu wa idara anasahihishwa na karani mbele ya watu, na karani yuko sahihi. Mchango wa ujenzi unatangazwa jina kwa jina, kiasi kwa kiasi, na aliyetoa kidogo anaangalia chini. Hata kujidharau kwa maneno, kule kujiita mtu mdogo asiye na lolote, mara nyingi ni kuomba sifa kwa mlango wa nyuma.

Katika mingi ya mifano hiyo aliye juu ndiye mwenye kazi ya kufanya. Mafundisho, kwa bahati mbaya, huwa yanaelekezwa chini: mke anyenyekee, mfanyakazi anyenyekee, muumini wa benchi la nyuma asihoji hesabu za sadaka. Wafilipi 2 inaelekea kwingine, kwani inamwonyesha Kristo aliyekuwa na utukufu akijishusha mwenyewe. Anayefundishwa kunyamaza mbele ya dhuluma hajashuka popote; amekandamizwa, na ni kosa kukipa kilio chake jina la fadhila.

Kwamba unyenyekevu si kunyamaza, uamsho wenyewe ulitoa ushahidi. Janani Luwum aliokoka katika uamsho huo mwaka 1948, akawa askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda mwaka 1974. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu wa serikali yake. Aliuawa tarehe 16 Februari 1977. Askofu Festo Kivengere, mwanauamsho mwenzake, alikimbilia uhamishoni na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake lilitamka wazi kwamba anampenda Amin, na ndani yake akasimulia mauaji hayo bila kuyafunika.