Usahaulifu si Uzee Tu

Mzee anaposahau jina la mwanawe wa kumzaa au njia ya kurudi kwake, wengi wetu visiwani husema ni uzee tu, na wapo wanaonong'ona kuwa amerogwa. Kauli zote mbili zamnyima haki ya kuhudumiwa. Tangu mwaka 1906, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alipoeleza aliyoyaona kwa darubini katika ubongo wa mgonjwa wake, uko ushahidi kuwa hali hiyo yaweza kuwa maradhi.

Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa bongo za marehemu 48, nusu yao wakiwa na alama za maradhi hayo. Wote walikuwa wameridhia wangali hai, baadhi yao wakiwa watawa wa Kikatoliki. (Kwetu suala la kuchunguza maiti lina mjadala wake wa kidini, nasi hatuufungui hapa.) Walizipima seli moja moja, zaidi ya 80,000. Ifahamike kwamba karibu seli zote za mwili hubeba jeni zile zile. Tofauti ni zipi zinasomwa na zipi zimeachwa. Ni kama chuoni: msahafu ni mmoja, lakini kila mtoto yuko kwenye sura yake. Katika bongo zilizougua, jeni nyingi zilizobadilika ndani ya seli za neva zilikuwa zimefifia, ilhali katika seli zinazozihudumia neva nyingi zilikuwa zimezidisha kazi. Tena mabadiliko makubwa yalianza mapema, maradhi yakiwa bado machanga.

Hilo la mwisho ndilo linalowahusu viongozi wetu. Dawa ya kuponya haijapatikana, lakini shinikizo la damu, kisukari na uziwi, ambavyo huongeza hatari ya maradhi haya, vinaweza kushughulikiwa mapema. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar inawalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70. Kwa hiyo majina yao yapo, na sheha anajua kila mmoja anaishi nyumba gani. Kazi hii haihitaji mitambo ya Marekani. Yahitaji muuguzi aliyefunzwa kuuliza maswali machache ya kupima kumbukumbu, kipimo cha presha, na daftari litakaloonyesha mwakani kama mzee yule yule amebadilika. Wizara ya Afya inaweza kuanza na shehia chache, Unguja na Pemba.